Uzuri Mdogo na Uzuri Mkubwa

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyefundisha katika nchi ambayo Kiingereza ndicho lugha ya shule, kama vile Uganda, amekwisha kuulizwa swali hili. Na kama bado hajaulizwa, basi ataulizwa. Mwanafunzi amepewa sentensi mbili za Kiingereza azitafsiri. Ya kwanza yasema juu ya msichana fulani kwamba yeye ni 'pretty'. Ya pili yasema juu ya msichana huyo huyo kwamba ni 'beautiful'. Mwanafunzi anaandika, "Msichana huyu ni mzuri," kisha anafika kwenye sentensi ya pili, na kalamu yake inasimama. Anafungua kamusi, na kamusi inampa "-zuri" kwa mara nyingine. Basi anainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, je, Kiswahili hakina neno la pili?"

Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna maswali mawili yasiyo madogo hata kidogo. La kwanza ni la lugha: maneno haya mawili yanatofautiana kwa jambo gani, na sisi tuna nini cha kuyalinganisha nayo? La pili ni la maadili: tunapomsifu mtu kwa uzuri wake, tunamfanyia jambo gani? Twampandisha au twamshusha? Makala haya yataanza na swali la kwanza ili yafike kwenye la pili, kwa kuwa twaamini kwamba la kwanza haliwezi kujibiwa sawasawa pasipo la pili.

Jibu ambalo wengi wetu hulitoa, hasa kengele inapokaribia kulia, ni jibu la kipimo. Twasema kwamba 'pretty' ni uzuri wa kiasi, na 'beautiful' ni uzuri mwingi. Kwa hiyo la kwanza liwe "mzuri" na la pili liwe "mzuri sana". Jibu hili lina chembe ya ukweli. Waingereza wenyewe hulitumia neno 'pretty' kama kielezi cha kiasi, na wakisema kwamba kazi ya mtu ni 'pretty good', hawasemi kuwa ni nzuri mno, bali kwamba ni nzuri kwa kadiri ya kutosha. Hata hivyo, lau tofauti ingekuwa ya kipimo tu, ingetosha kuongeza uzito wa neno dogo mpaka lifikie neno kubwa, kama vile vikombe vingi vya maji vijazavyo ndoo. Sivyo ilivyo. Kitu kilicho 'very pretty' hakijawa 'beautiful'. Kimezidi tu kuwa kile kilichokuwa.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Kikombe cha chai chenye maua madogo ya rangi chaweza kuitwa 'pretty', na kikipendeza zaidi kitaitwa 'very pretty'. Lakini tazameni Milima ya Rwenzori, iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote kina mita 5,109, na juu yake kuna theluji ingawa mahali penyewe ni karibu na ikweta. Mtu asimamaye chini yake asubuhi, mawingu yakajifungua kwa muda mfupi na vilele vikaonekana, hatasema kwamba mlima huu ni 'pretty', isipokuwa kwa mzaha. Neno hilo halimtoshi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akinunua picha ya milima hiyo katika kadi ya posta, aweza kuishika mkononi na kusema kwamba kadi ile ni 'pretty', na asiwe amekosea. Mlima ni ule ule na theluji ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mtazamaji: kwanza alikuwa chini, akiinua macho, sasa ameushika mlima katika kiganja chake, na anainamisha macho kuutazama.

Hapa ndipo tuonapo mzizi wa jambo lenyewe. Tofauti ya maneno haya mawili haimo katika kile kinachotazamwa peke yake. Imo zaidi katika mahali anaposimama mtazamaji mbele ya kile anachokitazama. Neno la kwanza hutamkwa na mtu aliye juu, naye amependezwa. Neno la pili hutamkwa na mtu aliyejiona mdogo mbele ya kitu, au walau sawa nacho.

Historia ya maneno hayo yasaidia kulithibitisha hilo, na pia yatuonya tusilifanye kuwa kanuni ya chuma. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, neno 'pretty' lilikuwa na umbo la 'prættig', na maana yake haikuwa uzuri hata chembe. Lilikuwa sifa ya mtu mjanja, kwa kuwa lilitokana na jina lenye maana ya hila. Lilipokuja kuonekana tena katika maandishi ya karne ya 15, ukali wake ulikuwa umelainika. Ujanja ulikuwa umegeuka kuwa ustadi, ustadi ukawa sifa ya kitu kilichotengenezwa vema, na kutoka hapo neno likafikia kitu kinachopendeza macho. Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake kuu mjini London mwaka 1755, alieleza kwamba neno hili ni la kitu kipendezacho pasipo kumshangaza mtu, na kwamba uzuri wake umepungukiwa na ukuu.

Nalo 'beautiful' ni neno la machotara. Mwili wake ni Kifaransa, lugha waliyokuja nayo watawala wa Kinormani. Mkia wake ni Kiingereza, wenye maana ya kujaa. Tungeweza kulifasiri kwa neno kuwa "aliyejaa uzuri". Lakini Wafaransa nao walilipata shina hilo kutoka Kilatini, katika neno 'bellus', na hapa msomaji atapigwa na mshangao. 'Bellus' lilikuwa umbo la udogo la neno 'bonus', ambalo maana yake ni "-ema". Ni kama kwamba sisi tungelichukua neno "mwema" na kulitia kiambishi cha kudogosha. Warumi walilitumia zaidi kwa wanawake na watoto, na lilipotumiwa kwa mwanamume mara nyingi lilikuwa na kejeli ndani yake. Uzuri wa heshima waliuita kwa neno jingine, 'pulcher'. Kwa hiyo neno ambalo leo Waingereza wanalitamka kwa heshima lilitokana na neno dogo la Warumi, neno la kuwabembelezea watoto.

Mambo mawili yafaa tuyahifadhi kutokana na habari hiyo. Kwanza, ukubwa wa neno haumo katika sauti zake. Ni watu walitumialo ndio walipandishao au walishushao. Pili, chini kabisa ya neno hili la Wazungu tumekuta wema. Tutarudi kwenye mambo hayo mawili.

Jambo la mtazamaji na mahali asimamapo lilifikiriwa kwa makini huko Uingereza katika karne ya 18. Mwaka 1757, miaka miwili tu baada ya kamusi ya Johnson, Edmund Burke, mzaliwa wa Ireland, alitoa kitabu cha falsafa kuhusu asili ya mawazo yetu juu ya ukuu na uzuri. Alishikilia kwamba ukuu hutoka katika vitu vikubwa, vya kutisha, vyenye giza na nguvu, na kwamba uzuri hutoka katika vitu vidogo, laini na dhaifu. Kile tunachokistahi, alisema, hututiisha. Kile tunachokipenda, sisi ndio tunaokitiisha. Alitaja pia kwamba katika lugha nyingi watu huvitaja vipenzi vyao kwa maneno ya kudogosha. Mtaona kwamba Burke aliposema 'beautiful' alikuwa akieleza karibu kile kile ambacho Johnson alikiita 'pretty'. Mpaka wa maneno haya haujapata kutulia, hata kwa wenye lugha yao.

Jibu kali lilimjia Burke mwaka 1790 kutoka kwa Mary Wollstonecraft, na mwaka 1792 mwanamke huyo aliandika kitabu kizima cha kutetea haki za wanawake. Hakubishana na Burke kuhusu kamusi. Alimlaumu kwa jambo zito zaidi: kwamba kwa kufundisha kuwa uzuri ni udogo na udhaifu, amewafundisha wanawake kujifanya wadogo na dhaifu ili wapendwe, na kuziacha akili zao bila kazi. Binti akishaambiwa tangu utotoni kwamba sifa yake ni kupendeza macho ya mwingine, ataishi akijitazama kwa macho ya mwingine huyo. Atajifunza kushuka chini ili mwenye kumsifu apate kusimama juu. Wollstonecraft alifariki mwaka 1797, lakini hoja yake haijazeeka, nasi twaiona kuwa ndiyo kiini cha swali la mwanafunzi wetu, ingawa mwanafunzi mwenyewe alidhani anauliza habari za kamusi tu.

Mwaka huo huo wa 1790, Mjerumani Immanuel Kant alitoa maelezo mengine yanayotufaa. Mtu akisema kwamba kinywaji fulani chamfurahisha, alisema Kant, amejisemea nafsi yake tu, na mwenziwe akisema hakimfurahishi hawana sababu ya kugombana. Lakini mtu akisema kwamba kitu ni kizuri, amesema kana kwamba anawasemea wote. Anadai kwamba kila mwenye macho na akili yapasa akubaliane naye. Tukiutumia mwanga huo, twaweza kusema kwamba neno dogo hueleza furaha ya msemaji, na neno kubwa hukiri haki ya kile kinachosemwa. La kwanza lasema, "Umenipendeza." La pili lasema, "Wewe unastahiki, hata kama mimi nisingalikuwapo."

Sasa turudi nyumbani. Je, ni kweli kwamba lugha zetu hazina tofauti hii?

Ni kweli kwamba lugha nyingi za Kibantu huweka uzuri na wema katika chungu kimoja. Kiganda kina "-lungi", na mtu aitwaye "omulungi" aweza kuwa mwenye sura njema au mwenye moyo mwema. Kinyarwanda na Kirundi vina "-iza", ambalo ni la kitu chema na la kitu kizuri, na "ubwiza" ndio uzuri. Kiswahili chetu nacho husema "habari nzuri", "kazi nzuri", "mtoto mzuri", na ni mazingira yatakayotuambia ikiwa tunasifu sura au tabia. Sisi tuna pia "-ema", na mwenye kusema "mtu mwema" hakuutaja uso kabisa. Lakini "mtu mzuri" hubaki katikati, mguu mmoja huku na mmoja kule. Wako waonao haya kwa jambo hilo na kudhani ni umaskini wa msamiati. Sisi hatuoni hivyo. Kilatini nacho, kama tulivyoona, kililitoa neno la uzuri katika tumbo la wema, na Kigiriki cha kale kilikuwa na 'kalos', neno la uzuri na la uadilifu pia. Lugha zetu zimekaa katika jamaa ya heshima.

Ila muungano huo una hatari yake, nayo ni kumdhania mwenye sura njema kuwa mwenye moyo mwema, na kumdhania asiye na sura kuwa hana moyo. Wazee waliijua hatari hiyo, wakaweka methali kuwa walinzi mlangoni. "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi." Mkakasi ni kijichombo chenye nakshi, cha kupendeza machoni, maji yakikipata, mapambo yake huharibika na uzuri wake hwisha. Wagiriki nao walikuwa na mfano wao, ila wao waliugeuza juu chini. Socrates, aliyeuawa kwa hukumu ya mji wa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, alijulikana kwa ubaya wa sura, pua yake bapa na macho yaliyotokeza. Katika maandishi ya Plato kuhusu karamu moja, kijana mmoja mwenye sura nzuri kupita wote anamfananisha Socrates na visanamu vibaya vya kuchekesha ambavyo, vikifunguliwa, ndani mwake hukutwa sanamu za miungu. Mkakasi ni mzuri nje tu. Visanamu vile uzuri wake ulikuwa ndani tu. Mafunzo ni yale yale.

Na je, uzuri mdogo na uzuri mkubwa, Kiswahili hakivitofautishi? Hakika chavitofautisha, wala si kwa unyonge. Tazameni maneno tumwitayo msichana wa kupendeza: kisura, kidosho, kimwana, kipusa. Yote manne yameanza na "ki-". Ni kweli kwamba si kila "ki-" ni ya udogo, na hatutaki kudai kwamba kila asemaye "kisura" amekusudia kudharau. Lakini ni vigumu kuamini kwamba maneno manne yameingia mlango mmoja kwa bahati tu. La nne, kipusa, lina jambo la kutufikirisha zaidi, maana ni jina pia la pembe ya kifaru, bidhaa iliyouzwa ng'ambo kwa thamani kubwa. Kisha kuna "mrembo", lililotokana na urembo, yaani pambo: mrembo ni mtu aliyepambwa, au aliye pambo. Mwanamume wa kupendeza twamwita "mtanashati", na utanashati ni unadhifu, jambo alifanyalo mtu kwa juhudi yake mwenyewe. Waingereza nao humwita mwanamume huyo 'handsome', neno lililotokana na mkono, ambalo lilipitia maana ya kufaa na ya ukarimu kabla ya kufikia sura. Kwao na kwetu, mwanamume amesifiwa kwa namna anavyojichukua, na mwanamke kwa namna anavyotazamwa.

Upande wa uzuri mkubwa tuna neno "haiba". Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni hofu ya heshima, ile imshikayo mtu mbele ya mtukufu. Katika Kiswahili limelainika, likawa mvuto wa sura na nafsi pamoja. Lakini bado halisemwi juu ya kikombe, wala juu ya mwanasesere. Bibi wa miaka themanini aweza kuwa na haiba hata baada ya meno yote kung'oka. Tuna pia "jamala", lililotoka katika shina lile lile la Kiarabu litoalo jina la uzuri, nalo kwetu ni wema na hisani atendewayo mtu. Basi mwanafunzi wetu ajibiwe kwamba Kiswahili kinalo neno la pili, na la tatu, na la nne. Ni sisi walimu tusiokuwa tukiyatoa ghalani.

Tufikapo hapa hatuna budi kujitazama wenyewe, maana ni rahisi kumlaumu Burke aliyekufa zamani. Tuzichukue insha za wanafunzi wetu. Msichana anapoingia katika insha, aya nzima hutumika kumpamba: ni mrembo kama hurulaini, ana mwanya, kiuno cha nyigu, mwendo wa madaha na sauti kama kinanda. Mvulana anapoingia, twaambiwa kwamba ni hodari, ni jasiri, anasoma kwa bidii, ameondoka kijijini kwenda kutafuta kazi. Ukurasa wa pili umefika, mvulana amekwisha kutenda mambo matano, na msichana bado anatembea kwa madaha. Nani aliyewafundisha? Ni sisi. Tumewapa tamathali hizo ubaoni, tumewaambia wazikariri, na walipoziandika tumezipigia mstari kwa wino mwekundu na kuandika pembeni, "Lugha safi!" Tulikuwa tukisahihisha lugha, na hatukujua kwamba tulikuwa tukifundisha maadili.

Tuutazame na ulimi wetu wenyewe. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi wa kike, "Haya kisura, tusomee aya ya tatu," hakukusudia ubaya. Pengine ametaka kumpa moyo. Lakini mvulana aliyesoma aya ya pili aliitwa kwa jina lake. Na katika dawati la nyuma kuna msichana mwingine, mwenye kovu la moto shavuni tangu utotoni, ambaye hajapata kuitwa kisura na hatapata kuitwa. Huyo naye anajifunza. Anajifunza kwamba darasani kuna mizani miwili, wa akili na wa sura, na kwamba wenzake wa kike hupimwa kwanza kwa ule ambao yeye hana cha kuweka juu yake. Hakuna kamusi itakayomfuta somo hilo.

Tutaambiwa kwamba tunatia chumvi. Patakuwa na watakaosema, na kwa haki, kwamba kupendeza si dhambi, kwamba kusifiwa sura humfurahisha mtu, na kwamba ulimwengu usiokuwa na nafasi ya vitu vidogo vya kupendeza, bali milima mitupu ya kustahiwa, ungekuwa ulimwengu wa baridi. Twakubali. Uzuri mdogo una haki yake. Gauni jipya la mtoto siku ya sikukuu, kikapu kilichosukwa kwa ukindu wa rangi tatu, kikombe kile cha maua tulichoanza nacho: vyote hivyo vyataka neno jepesi, na atakayeviendea kwa neno zito atachekesha. Mama anapombembeleza mtoto wake kwa maneno ya kudogosha, anamdogosha ili apate kumkumbata, na mtoto ni mdogo kweli. Hapo hapana dhuluma. Dhuluma huanza pale ambapo mtu aliyekua, mwenye akili na makusudi yake, anawekwa katika kiganja kama ile kadi ya posta, na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo heshima yake.

Wala tusisahau habari ya 'bellus'. Neno la kubembelezea watoto lilipanda polepole, kizazi baada ya kizazi, likawa shina la neno la heshima. Halikupandishwa na amri ya baraza la lugha. Lilipandishwa na vinywa vilivyolitumia kwa watu na vitu walivyovistahi. "Mrembo" nalo laweza kupanda, na "haiba" laweza kushuka hadi likawa neno la matangazo ya sabuni. Mambo hayo yamo mikononi mwetu zaidi ya tunavyodhani, kwa kuwa mwalimu wa lugha ni miongoni mwa watu wachache ambao maneno yao hurudiwa na vinywa arobaini kwa wakati mmoja.

Basi mwanafunzi aliyeinua mkono tumwambie nini? Tumwambie kwanza kwamba asitafute neno kabla ya kumtafuta msemaji. Ajiulize: huyu asemaye amesimama wapi? Ikiwa amesimama juu na amefurahi, kama mtu anayetazama ua dogo, basi "wa kupendeza" litamfaa, au "mwenye sura ya kupendeza". Ikiwa ameinua macho, basi "mzuri" lisimame peke yake kwa uzito wake, au "mwenye haiba" likiwa ni mtu. Ikiwa yasemwa juu ya maisha ya mtu kwamba ni 'beautiful', asiogope kuandika "maisha mema", maana hapo Kiingereza kimerudi, pasipo kujua, kwenye wema kilikotoka. Na ikiwa sentensi haikumwambia msemaji amesimama wapi, kama zilivyo sentensi nyingi za mitihani, basi aandike "mzuri" mara zote mbili, na asipokonywe alama.

Kisha tumwambie jambo la pili, ambalo halimo katika mtihani. Siku atakapotaka kumsifu mtu, iwe kwa Kiswahili, kwa Kiganda, kwa Kinyarwanda au kwa Kiingereza, aulize swali lile lile juu ya nafsi yake: mimi nimesimama wapi? Akijikuta amesimama juu ya mtu ambaye hapaswi kuwa juu yake, basi neno lake, hata likiwa tamu namna gani, limekosea mahali. Ashuke kwanza, kisha aseme.

Hayo ndiyo maoni yetu. Walimu wenzetu wanaofundisha ambako lugha ya shule ni Kifaransa wanayo maneno yao mawili, 'joli' na 'beau', na pengine wameyaona mambo ambayo sisi hatukuyaona. Tungefurahi kuyasoma katika kurasa hizi.